Re: Programu za zamani (karatasi za ratiba ya onyesho) za ukumbi wa Hill Auditorium nazipata wapi?

Ndugu uliyeuliza kama kumbukumbu za maonyesho ya University Musical Society, wale waandaaji wa maonyesho ya muziki kule Michigan, Marekani, bado zipo, zipo, tena nyingi, ziko Bentley Historical Library, maktaba ya kumbukumbu ya Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Jamaa walianza 1879, waimbaji tu waliotaka kuimba Messiah, ule utungo mkubwa wa kwaya wa Handel, na Hill Auditorium ikafunguliwa 1913, kwa hiyo jipange, makaratasi ni mengi sana.

Anza na mwongozo wa mkusanyo, yaani orodha ya vilivyomo, usome kabla hujaomba boksi lolote, maana unaorodhesha mafaili sio kila karatasi, jina la mwanamuziki wako linaweza lisionekane kabisa kumbe barua zake zimo humo ndani. Halafu usiiamini programu iliyochapishwa peke yake! Ile inasema kilichopangwa, mtu akiugua dakika za mwisho wanaweka mwingine na karatasi imeshachapwa zamani, kwa hiyo linganisha na barua, mikataba na magazeti ya siku iliyofuata, mimi hapo ndo huwa napapenda kuliko kote. Rekodi za sauti ukizikuta uliza haki kwanza, kusikiliza na kusambaza ni vitu viwili tofauti.