Maswali ya Wasomaji: Kauri Mdogo na Mng'ao Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeokota ufukweni magamba matatu ya kauri, kila moja lina urefu wa sentimita 2 hivi. La kwanza ni la manjano, lina nundu ubavuni na linang'aa kama lililopakwa mafuta. La pili lina umbo hilo hilo lakini limepauka. La tatu ni jembamba, na mdomo wake mpana hauna meno. Je, hizi ni aina tatu? Na je, siki italing'arisha lile lililopauka?

JIBU: Kwa maelezo yako, mawili ya kwanza ni ya aina moja, Monetaria moneta, kauri aliyeelezwa na mwanasayansi Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758 na kupewa jina linalohusu fedha, kwa kuwa magamba yake, hasa yaliyovunwa visiwani Maldivi, yalitumika kama sarafu kwa karne nyingi. La tatu yaelekea ni la kauri ambaye hakuwa amepevuka.

Kauri hakui kama konokono wengine. Anapopevuka, ukingo wa mdomo wa gamba hujikunja kwa ndani, huota meno pande zote mbili na kubakiza ufa tu, na tangu hapo gamba haliongezeki urefu bali unene. Ligeuze lile linalong'aa ulitazame kwa karibu: meno hayo ndiyo ushahidi kwamba mwenyewe alikwisha kupevuka.

Mng'ao nao, ambao kwangu ndio uzuri wake mkubwa, si rangi ya juu juu. Kauri anapotambaa, hasa usiku, akila mwani, hutoa kupitia ufa huo kunjo mbili za nyama laini, mfano wa joho, zikapanda kila upande hadi kulifunika gamba lote. Hizo ndizo zinazotandika tabaka mpya na kulikinga lisikwaruzwe. Akifa, hakuna tena wa kulitunza, hivyo mchanga hulisugua na jua hulipausha.

Siki usiitumie kabisa. Gamba ni kalisi kabonati, madini ya aina ya chokaa, na asidi iliyomo katika siki huiyeyusha; mapovu utakayoyaona ni gamba lenyewe linalolika. Lioshe kwa maji baridi, likauke, kisha ulisugue kwa kitambaa laini chenye tone la mafuta, ingawa mng'ao wa awali haurudi.

Na ukiokota jingine ukaona nyama ndani ya ufa, lirudishe taratibu chini ya jiwe ulikolitoa, kwa maana huenda ni jike anayeatamia mayai yake.