Maswali na Majibu ya Studio: Laki tatu na nusu ya masta na watazamaji, nilipe?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Tandahimba, nimetoa wimbo wangu wa kwanza. Biti niliitoa YouTube, imeandikwa ni ya bure, sauti nikarekodi studio ya hapahapa. Tatizo, ukipigwa kwenye bajaji baada ya ngoma za Dar unasikika mdogo, sauti yangu imezama na besi kama haipo. Kuna jamaa wa Dar anasema atanifanyia masta ya kishindo na kuniwekea watazamaji laki moja YouTube, vyote kwa 350,000. Anasema bila namba hakuna redio itakayonipiga. Hela ya korosho ninayo kidogo. Nimlipe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimlipe.

Kila mwaka minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba na malipo yakianza kuingia kwenye simu za watu, kuanzia Masasi mpaka Ruangwa, swali hili nalipata kwa sura moja au nyingine. Wimbo umetoka, haufiki popote, na amejitokeza mtu mwenye dawa. Dawa yenyewe haibadiliki: masta na watazamaji. Wanajua kalenda ya mauzo kuliko makarani wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima.

Nianze na masta, ile hatua ya mwisho ya kuung'arisha wimbo na kuupandisha ukubwa, maana hapo ndipo ninapochoka kabisa. Vijana mmeaminishwa kwamba masta ndiyo inayoutofautisha wimbo wa Tandahimba na wa Dar. Anayefanya masta anapewa faili moja ambalo kila kitu kimeshachanganywa. Akitaka kuinyanyua sauti yako, atanyanyua na kinanda kilichokaa eneo hilohilo. Akitaka besi, ataongeza na mngurumo wa kiki, ile ngoma nzito ya chini. Korosho ya daraja la pili haipandi daraja kwa kubadilishiwa gunia, na hicho ndicho jamaa anachotaka kukufanyia kwa laki tatu na nusu.

Wimbo wako uliharibika siku ile ulipopakua biti. Faili ulilolichukua ni MP3 ambayo mwenye biti alishaifanyia masta. Vilele vyake vimeshagonga dari, hakuna nafasi iliyobaki juu. Studio ikaja kuweka sauti ya mtu juu ya kitu kilichokwisha kujaa. Hapo fundi ana njia mbili tu: aishushe sauti yako ili isipasuke, au aviminye vyote kwa limita, programu ya kuzuia sauti isivuke dari, mpaka vikose pumzi. Kwa maelezo yako naona walifanya yote mawili. Zile ngoma za Dar unazojilinganisha nazo zilichanganywa chombo kwa chombo. Mwimbaji akiingia, kinanda kinasogezwa pembeni kumpisha. Kwenye biti ya faili moja hakuna wa kusogea.

Besi nayo ina hadithi yake. Biti nyingi za mtandaoni zina besi nzito ya kielektroniki inayoitwa 808, inayokaa chini sana, karibu hertz 40 hadi 60. Kwenye spika kubwa za ukumbini inatetemesha kifua. Spika ndogo ya bajaji haifiki huko, na ya simu ndiyo kabisa. Kwa hiyo besi inakula nguvu ya wimbo mzima halafu haisikiki. Fundi anayejua kazi huikwaruza kidogo ili harmoniki zake, yaani milio ya juu inayoandamana nayo, zitokeze, na sikio likizipata linajijazia lenyewe ile besi ya chini. Ila lazima besi iwe kwenye faili lake peke yake. Unaona tunarudi palepale.

Kuhusu sauti kuzama, fanya jaribio dogo. Cheza wimbo kwa headphone, kisha kwa simu yenye spika moja. Kama kwenye headphone sauti yako ni pana na nzuri, lakini kwenye simu inayeyuka, basi studio walikuwekea ile programu ya kuipanua kulia na kushoto. Pande hizo mbili zikiunganishwa kwenye spika moja, baadhi ya mawimbi yanafutana. Ndivyo sauti ya kiitikio inavyopotea stendi nzima ikisikiliza. Hakuna masta inayorudisha kilichofutwa.

Sasa hiyo "masta ya kishindo". YouTube na Spotify hupima ukubwa wa kila wimbo kwa kipimo kinachoitwa LUFS, na uliopita kiasi hushushwa hadi karibu na -14. Jamaa akikupandishia mpaka -7, mtandao unaishusha desibeli 7, unabaki na wimbo uliominywa, wenye ngoma zisizogonga, na unasikika kwa ukubwa uleule wa wenzako. Nakubali kwamba kwenye flashi ya bajaji hakuna anayeshusha, kwa hiyo hapo wimbo ulioiva kwa masta unatoka mkubwa. Lakini unatoka mkubwa na safi kama miksi, yaani ule uchanganyaji wa kabla ya masta, ilikuwa na nafasi. Redioni kuna mashine inayominya kila kinachopita kwenda hewani. Wimbo uliominywa tayari ukiminywa tena unatoka umepasukapasuka, na mtangazaji anayejali masikio ya wasikilizaji wake anaruka kwenda unaofuata.

Hela yako, kama lazima itumike, ipeleke kwenye biti. Mwandikie mwenye hiyo biti, ulizia leseni inayokuja na faili la WAV, yaani sauti kamili isiyobanwa kama MP3, la kila chombo. Akikutajia bei usiyoiweza, mtafute prodyuza kijana wa Masasi au Mtwara mjini akutengenezee biti mpya kwa mwendo na ufunguo uleule, melodi ya sauti ni yako unaweza kuihamisha. Kisha rudia kuimba. Magodoro mawili nyuma yako, feni imezimwa, vilele visizidi desibeli -6, na tafadhali usirekodi mvua ikipiga bati. Kila faili libaki WAV. Hata prodyuza anayejifunza, ukimpa vitu hivyo, atakupa wimbo mzuri kuliko bingwa wa Dar aliyepewa MP3.

Na hilo neno "bure" kwenye YouTube mnalisoma vibaya. Mara nyingi linamaanisha bure kama huuzi. Ukiuweka wimbo kwenye Boomplay au Spotify umeshauza, na siku mwenye biti akiisajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kuitambua kazi ya mtu ndani ya video za wengine, mapato ya video yako yanaweza kwenda kwake. Vijana hunijibu kwa kunitajia Lil Nas X: mbona yule Mmarekani alinunua biti mtandaoni kwa dola 30 na "Old Town Road" ikakaa namba moja ya Billboard wiki 19 mwaka 2019? Kweli. Lakini malizieni hadithi. Ndani ya biti ile, aliyoitengeneza kijana wa Uholanzi anayejiita YoungKio, kulikuwa na kipande cha bendi ya Nine Inch Nails. Wimbo ulipoanza kushika ikabidi wenyewe waombwe ruhusa, na Trent Reznor na Atticus Ross wakaandikwa kuwa miongoni mwa watunzi na maprodyuza. Lil Nas X alikuwa na kampuni kubwa ya kumalizia mazungumzo hayo. Wewe ungemtuma nani?

Watazamaji laki moja. Hawa si watu. Ni programu zinazofungua video na kuifunga, na YouTube huzifuta namba za namna hiyo inapozibaini. Kabla hazijafutwa zimeshakuharibia. Mtandao unaamua nani aonyeshwe wimbo wako kwa kuangalia waliouona kwanza walifanya nini. Wakiondoka baada ya sekunde chache, mtandao unajifunza kwamba wimbo hauvutii, na binamu yako wa Newala ambaye angeupenda hauoni tena. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi, na wimbo uliokutwa na wingi wa wasikilizaji bandia humletea faini msambazaji wake, yaani kampuni inayoupeleka wimbo kwenye mitandao. Unafikiri msambazaji atakubembeleza? Atauondoa wimbo. Hata hela za matangazo ya YouTube, ambazo kwa kawaida zinadai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, hazifikiwi kwa namba za kununua, kwa sababu saa za bandia hazihesabiwi.

Anayekwambia redio haipigi bila namba anakutisha. Wimbo mwingi unakwama redioni kwa mambo ya kipuuzi: utangulizi wa dakika nzima, matusi bila toleo safi, au faili limetumwa WhatsApp likiwa na jina la tarakimu zisizoeleweka, halafu mtayarishaji wa kipindi hajui ni la nani. Andika jina lako na la wimbo kwenye faili. Kiitikio kifike mapema. Peleka mwenyewe kwenye redio za Mtwara na Lindi, na kabla ya hapo mpe DJ wa harusi na vijana wa bodaboda. Watu wa huku kusini wamekulia kwenye ngoma. Mwendo usiochezeka wataukataa siku hiyohiyo mbele yako, na taarifa hiyo huwezi kuinunua Dar.

Najua mtanitajia Harmonize. Kila chipukizi wa mkoa huu ananitajia Harmonize, kwamba alitoka kwa wimbo mmoja mwaka 2015. Huo wimbo mmoja, "Aiyola", ulitoka akiwa chini ya WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, msanii ambaye wakati huo alikuwa ameshajulikana nje ya Tanzania. Nyuma ya wimbo kulikuwa na maprodyuza, video na jina la bosi. Simpunguzii kipaji chake hata kidogo. Nasema anayekuuzia watazamaji hakuuzii hata kimoja kati ya hivyo, anakuuzia picha ya matokeo yake.

Kuna wengine wabaya kuliko huyo wako, na hawa niwataje waziwazi kwa sababu mwaka huu wamezidi. Anakuja na jina la "meneja" au "promota", anaomba nywila ya chaneli yako ili "akusukumie". Usimpe. Mwingine anajitolea kukupakilia wimbo kwenye mitandao yote bila malipo, kwa akaunti yake. Mapato yanaingia kwenye akaunti iliyopakia, na namba ya ISRC, ile ya tarakimu na herufi 12 inayoutambulisha wimbo, inabaki kwenye mikono yake. Ukikosana naye, wimbo umebaki kwake na wewe una screenshot. Fungua akaunti yako mwenyewe kwa msambazaji, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Kazi yako isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wewe mwenyewe ujisajili BASATA, baraza la sanaa, na mgawo wako na prodyuza muuandike kwenye karatasi kabla ya wimbo kutoka, hata kama ni rafiki yako wa kucheza naye mpira. Kama tayari kuna mtu alikupakilia, mwombe leo akuonyeshe kwenye akaunti hiyo ni jina la nani limeandikwa kama mmiliki wa rekodi. Akianza kuzunguka, omba wimbo ushushwe, kisha uupandishe upya ukiwa na miksi mpya.