Wino haukuniishia, kaka

Umeuliza kwa nini karatasi nimeiacha karibu yote nyeupe, nikachapa mashua moja tu pembeni, kama vile wino uliniishia. Wino ulikuwepo! Shuka ufukweni hapa Bagamoyo maji yakishakupwa: mchanga unakwenda mpaka macho yanachoka, na mashua moja imelala ubavu. Hiyo moja ndiyo inayokuonyesha upana. Ongeza ya pili na ya tatu, ufukwe unasinyaa. Mchoraji Agnes Martin mwaka 1973 alitoa chapa 30, zote mistari iliyonyooka na vimraba, basi, na bado ukizitazama unahisi uwanda.

Na uliuliza pia chapa zangu zinaonyeshaje kwamba vitu hupita: kibao cha mbao nilichochonga mashua nakipaka wino mara moja tu, nalaza karatasi, nasugua kwa mgongo wa mwiko (wa mama, hajajua bado). Chapa ya kwanza nyeusi tii. Ya pili imepauka. Ya nne, nyuzi za ubao zinaonekana kuliko mashua yenyewe. Ya sita mpaka uiinamishe dirishani ndiyo uione. Wewe uliona ya tano. Ya sita siiuzi.