Kabla ya Kusikiliza "Fall Babylon Fall", Fungua Ufunuo

Ukimwambia mtu wa kanisani kwamba unapenda muziki wa metali, ule wa roki wenye magitaa mazito, atakuuliza kama huo nao ni wa Mungu. Ukimwambia shabiki wa metali kwamba bendi unayoisikiliza ni ya Kikristo, atakunja uso kabla hajasikia hata noti moja. Kati ya hao wawili ndipo ilipopotelea albamu ninayoipenda kuliko karibu zote nilizonazo: "Fall Babylon Fall" ya Veni Domine, bendi kutoka Uswidi. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeokota jina hilo mahali na anataka kuisikiliza vizuri, maana ukiiendea kama unavyoziendea nyimbo za siku hizi utaiacha ndani ya dakika tatu.

Bendi ilianza mwaka 1987 huko Sollentuna, jirani na Stockholm, ikiitwa Glorify. Ndugu wawili ndio uti wa mgongo wake: Torbjörn Weinesjö kwenye gitaa na Thomas Weinesjö kwenye dramu. Mwimbaji ni Fredrik Ohlsson, mwenye sauti inayopanda juu sana bila kupasuka. Albamu hii ya kwanza ilitoka mwaka 1992 kwa lebo (kampuni ya kutoa muziki) ndogo iitwayo Edge, na picha ya jalada ilichorwa na Rodney Matthews, mchoraji Mwingereza wa mandhari za kufikirika. Muda wenyewe ulikuwa mbaya. Mwaka mmoja kabla, Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, walikuwa wametoa albamu ya "Nevermind", na masikio ya dunia yakahamia Seattle, kwenye muziki wa aina yao. Nani alikuwa na subira na Waswidi wanaopiga taratibu, kwa uzito, nyimbo ndefu zenye kugeuka-geuka, tena zote za Biblia? Baadaye lebo ndogo zikaitoa upya, na wapenzi wa metali nzito na ya progresivu, yaani ile ya nyimbo ndefu zinazobadilika-badilika, wakaanza kuambizana. Ndivyo ilivyonifikia na mimi, kwa kuambiwa.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: soma kwanza, usikilize baadaye. Chukua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union, usome Ufunuo sura ya 6, kisha sura ya 18. Soma kwa sauti ukiweza. Maneno ya albamu ni ya Kiingereza, yameimbwa juu na kuvutwa, na hata anayekijua Kiingereza vizuri atayapoteza njiani. Lakini ukishakuwa na sura hizo kichwani, unajua uko wapi hata usiposhika kila neno.

Chukua "O Great City". Ufunuo 18 inaeleza wafanyabiashara wakiulilia Babeli, mji ulioteketea, kwa sababu hakuna anayenunua tena bidhaa zao, kisha inazitaja moja moja: dhahabu, vyombo vya pembe za ndovu, mdalasini, ubani, na mwisho kabisa, kama bidhaa nyingine yoyote, roho za wanadamu. Mtu wa pwani yetu hawezi kuisoma orodha hiyo kama hadithi ya mbali. Pembe na watu vilipita Bagamoyo, vikavuka kwenda soko la Unguja. Sidhani Waswidi wale waliiwaza Bagamoyo hata kidogo, lakini mimi siwezi kuusikia wimbo huo bila kuiwaza, na uzito wa yale magitaa naona unastahili.

Sasa wimbo wa mwisho, "The Chronicle of the Seven Seals". Huu peke yake unazidi dakika 20, na ndio sababu ya albamu yote. Usiuanze ukiwa kwenye daladala. Usiuanze kama kuna mtu atakuita baada ya dakika tano. Tafuta usiku, vaa hedfoni, zima ule mpangilio wa simu unaochanganya nyimbo, na uweke Ufunuo 6 mbele yako. Mihuri inafunguliwa: farasi mweupe, mwekundu, mweusi, wa kijivujivu. Ukifika kwa yule mweusi, mpandaji wake ana mizani mkononi na sauti inatangaza bei: kibaba cha ngano kwa nusu rupia. Halafu wale waliouawa, chini ya madhabahu, wakiuliza hata lini. Halafu tetemeko, na jua jeusi kama gunia la singa. Muziki unabadilika mwendo, unashuka, unanyanyuka, na wewe unapaswa kuuacha ukupeleke. Muhuri wa saba uko sura ya 8, aya ya kwanza, na unaleta kimya mbinguni kama muda wa nusu saa. Basi wimbo ukiisha usikimbilie mwingine. Kaa.

Kuhusu nyumbani, hasa kwa vijana wanaoishi na wazee: usianze kwa kufungulia spika. Shangazi yangu ni mwanakwaya wa siku nyingi, na alinikuta nikisikiliza. Akauliza, "Mwanangu, mbona wanapiga kama wamekasirika?" Nilimwomba akae, nikamsomea ule muhuri wa tatu. Alisikiliza, akaniambia nirudie ile bei, kisha akasema, "Hiyo ni njaa. Mtu anafanya kazi kutwa nzima apate kula yeye peke yake, na watoto je?" Tukazungumza kuhusu bei ya unga mpaka chai ikapoa. Muziki wenyewe hakuupenda, na hana wajibu wa kuupenda. Ila hakuuliza tena kama ni wa Mungu.

Kwa mashabiki wa metali wasiojali dini, nasema hivi: anzeni na "King of the Jews", wimbo wa kwanza. Mkizipenda bendi kama Candlemass au Queensrÿche ya miaka ya 80, mtajikuta nyumbani haraka. Msikilize jinsi gitaa linavyosubiri. Halina pupa ya kuonyesha ufundi, ingawa ufundi upo.

Na jambo la pesa. Ikiwa unaweza, nunua toleo rasmi badala ya kupakua nakala ya wizi, kwa kuwa bendi kama hizi hazina kampuni kubwa nyuma yake na kila nakala inahesabika. Ukipata CD yenye kijitabu cha mashairi, hata iliyotumika, ichukue. Kijitabu kile kitakufaa kuliko ubora wa sauti. Usilipe bei ya ajabu kwa toleo la kwanza la 1992 kwa sababu tu ni adimu. Muziki ni ule ule.

Ukishaizoea, endelea na "Material Sanctuary" yao ya 1994. Kisha vuka bahari hadi Pennsylvania, Marekani, kwa Believer, bendi ya metali ya Wakristo wengine walioachwa pembeni. Albamu yao ya 1990, "Sanity Obscure", ni ya kasi na ukali kuliko hii, lakini ndani yake kuna "Dies Irae" (Kilatini, "siku ya ghadhabu"), ambamo soprano wa opera, mwanamke mwenye sauti ya juu, anaimba pamoja na vinanda vya nyuzi na magitaa ya metali. Kwa wimbo huo soma Sefania 1, kuanzia aya ya 14.