Saa za Florida zitahesabiwa na nani?

*Shangazi, nina miaka 24 na leseni ya rubani binafsi niliyoipata uwanja wa Wilson, Nairobi. Nina saa 52 za kuruka. Rafiki yangu anataka twende Florida miezi miwili, tukodi ndege ndogo ya Cessna na kugawana gharama, tujaze saa kabla ya kurudi kuanza kozi ya leseni ya biashara. Mjomba aliye Texas atalipa nusu. Nusu nyingine mama amekopa kwenye chama, na ameshawatangazia wenzake kwamba nikirudi nitakuwa rubani kamili. Sijamwambia ukweli. Nimwambieje? Kijana wa Nakuru*

Mwanangu, la mama tutalifikia. Kwanza fungua daftari lako la saa, usome ile safu ya rubani mkuu. Katika hizo 52, ulizoruka bila mwalimu kando yako nadhani hazizidi 15, na upungufu wako uko hapo. Kwa leseni ya biashara, kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa asiyepitia kozi iliyoidhinishwa ni saa 200, na 100 kati yake uwe wewe ndiwe rubani mkuu. Vijana wakisikia 200 hukimbilia kununua saa 150 ng'ambo, wakasahau kwamba saa za kozi yenyewe, za usiku, za kurusha kwa kusoma vyombo, za kukaa na mwalimu, nazo zinaingia humo humo. Wewe nunua 85 hivi. Zaidi ya hapo unakula ada ya kozi.

Sasa huyo rafiki. Muulize mtagawana nini hasa, pesa au saa? Marekani marubani wawili hupanda ndege moja. Mmoja anavaa kizibo cha macho asione nje, anarusha kwa kusoma vyombo tu, mwenzake analinda macho nje. Wakikubaliana vizuri, sheria ya kule inawaruhusu wote wawili kuiandika saa hiyo moja kama marubani wakuu. Ni halali kwao, lakini leseni yako ya biashara itatolewa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Waandikie kabla hujanunua tiketi: saa za namna hiyo mtazihesabu? Jibu la mdomo kutoka kaunta usilibebe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Halafu nenda kwa daktari wa marubani upimwe daraja la kwanza. Kwa leseni binafsi daraja la pili lilikutosha. La biashara linadai la kwanza. Ikiwa macho au moyo una neno, heri ulijue pesa za mkopo zingali hazijatumika.

Leseni yako hairushi ndege ya Marekani hivi hivi. Unaomba FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kule Oklahoma City wathibitishe na KCAA kwamba ni ya kweli, wakutumie barua, ndipo upewe leseni ya kwao inayoegemea hiyo ya Kenya. Anza miezi mitatu kabla, maana barua huchukua muda kufika na ikifika inadumu miezi sita tu. Na usiende kusoma kozi kwa viza ya utalii, hata mjomba akisema wenzako wamefanya.

Kwa mwenye ndege, uliza kama bei ina mafuta ndani, na kama saa inaanza kuhesabiwa injini ikiwaka au ndege ikipaa. Usilipe yote mapema, hata ukiahidiwa punguzo. Kampuni ikifunga mlango, chama hakitamdai mwenye kampuni, kitamdai mama.

Ile safari ndefu ya kilomita 540 inayodaiwa kwa leseni ya biashara, yenye kutua viwanja viwili tofauti, mimi ningeiacha nyumbani: Wilson, Malindi, Mombasa, kisha Wilson. Florida ni tambarare ya baharini. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu, na mchana wa jua kali ndege ndogo iliyojaa mafuta hupanda kwa kusitasita. Hayo uyajue mapema, kwa kuwa kazi utaitafuta huku.

Mama mwambie Jumapili hii, kabla ya kikao kijacho cha chama. Keti naye na daftari, umwonyeshe ukurasa: hizi ninazo, hizi nitazipata Florida, hizi ni za kozi, na kozi ina bei yake. Aliyekopa kwa jina lake ana haki ya kujua kwamba safari hii haikupi leseni. Huenda akakasirika. Lakini huenda pia akasema sehemu ya mkopo ibaki ya kozi, na atakuwa sahihi kuliko rafiki yako.

Mjomba akiuliza mbona tarehe imesogezwa, mwambie unasubiri barua mbili, ya KCAA na ya Oklahoma City.