Njia ngumu msimu wa mapukutiko: usitazame kilele tu, tazama na bonde lililo chini yake

Mkuu, umeuliza njia ipi ya mlimani ni ngumu kweli msimu wa majani kupukutika, lakini ukifika juu unaona kitu cha kukaa moyoni. Wengi wamekutajia vilele virefu. Mimi naomba nitofautiane nao kidogo, kwa sababu rangi unazozifuata haziko kileleni. Ziko chini.

Majani yanayogeuka mekundu na ya manjano ni ya miti ya majani mapana, na miti hiyo haipandi hadi juu. Ukiendelea kupanda unaingia kwenye misonobari, ambayo ni kijani mwaka mzima. Baadaye misonobari nayo inadumaa hadi inakufikia magotini, kisha yanabaki mawe matupu. Kwa hiyo tafuta mlima wenye mgongo ulio wazi, usio na mti wa kukuziba macho, na ubavu wake uangukie kwenye bonde la miti ya majani mapana. Mlima mrefu kupita kiasi unakuonyesha mawe tu na rangi kwa mbali.

Kwangu mimi njia inayotimiza hayo ni mzunguko wa Franconia Ridge, jimbo la New Hampshire, Marekani. Ni kilomita 14 hivi, na kupanda kwake kwa jumla kunakaribia mita 1,200. Unapita vilele vitatu: Little Haystack (mita 1,451), Lincoln (mita 1,551) na Lafayette (mita 1,600). Kutoka cha kwanza hadi cha mwisho unatembea kama kilomita 2.7 juu ya mgongo wa mlima, bonde kulia na bonde kushoto. Ukisikia kilomita 14 unaweza kuona ni mchezo. Mimi niliona hivyo, na ndilo lilikuwa kosa langu.

Mara ya kwanza tulikwenda wawili, mwanzoni mwa Oktoba, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Njia ya kupandia, Falling Waters, inafuata kijito chenye maporomoko, na unakivuka zaidi ya mara moja kwa kukanyaga mawe. Majani yalikuwa yamejaa kila mahali. Nakumbuka jani moja la mepo (ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada), jekundu, limelala bapa juu ya jiwe kana kwamba limegundishwa. Nikalikanyaga. Jani lililolowa juu ya jiwe ni sawa na sabuni. Mguu uliteleza, mkono ukaingia majini hadi kwenye kiwiko, na glovu ikalowa chepechepe.

Kule chini halikuwa jambo kubwa. Lakini joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na tulipotoka kwenye miti pale Little Haystack, wingu lilikuwa limeukalia mlima na upepo unavuma kwa nguvu. Nilijaribu kufunga zipu ya koti nikashindwa. Vidole vilikuwa pale, navitazama kabisa, lakini havishiki. Mwenzangu aliniangalia mara moja akasema, "Tunarudi." Hatukubishana. Tukashuka kwa njia ileile ya maporomoko, polepole kwa kuogopa kuteleza, na giza likatukuta njiani. Tarehe hizo jua kule huzama kama saa 12:20 jioni, ila ndani ya msitu unakuwa umeacha kuona vizuri mapema zaidi. Watu wawili, tochi moja. Mmoja anapiga hatua tatu, anageuka, anammulikia mwenzake. Mwendo huo sitaki kuurudia.

Mwaka uliofuata nilirudi nimejipanga. Tulianza kupanda kwa tochi za kichwani, kila mtu na yake, hali ya hewa tumeikagua ya juu mlimani na si ya mjini. Anga lilikuwa safi, mawingu machache tu yakipita. Tulipotoka kwenye kisonobari cha mwisho, bonde zima la magharibi lilikuwa limewaka: rangi ya chungwa, manjano, wekundu wa damu, na mistari ya kijani cha misonobari ikipita katikati. Kilichonifanya nikae chini ni vivuli vya mawingu. Kivuli kikipita, ule wekundu unageuka rangi ya kutu, unazimika kabisa. Kikiondoka, unawaka tena upya. Tulikaa juu ya jiwe tukivitazama vikitembea hadi chai ikapoa. Mashariki hakuna barabara wala paa, ni msitu mtupu.

Sasa uende vipi. Panda kwa Falling Waters, shuka kwa Old Bridle Path. Ile ya kwanza ina mwinuko mkali na mawe yaliyolowa, na sehemu ya namna hiyo ni heri uipande kuliko kuishuka na magoti yamechoka. Old Bridle Path nayo si lelemama, ila ina sehemu zilizo wazi ambazo unaona ule mgongo wote uliotoka kuutembea. Jipe muda wa saa 7 au 8 za kutembea. Weka saa ya kugeuka kabla hujaondoka, na ikifika geuka hata kama kilele unakiona. Nguo ya pamba iache, ikilowa jasho inakuganda mwilini. Beba glovu jozi mbili (hili nalisema kwa uchungu) na fimbo za kutembelea. Huko juu usitoke nje ya njia iliyozungushiwa mawe, maana vile vimea vidogo vinachukua miaka mingi kuota tena vikikanyagwa.

Kuhusu tarehe, rangi huanza juu na kuteremka bondeni. Kwa milima hiyo, wiki ya mwisho ya Septemba hadi katikati ya Oktoba ndiyo yake. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda ndivyo vinavyoleta wekundu mzuri: sukari inabaki kwenye jani, na jani linatengeneza rangi hiyo wakati ule ukijani unavunjika. Manjano yenyewe yalikuwemo siku zote, yamefunikwa tu.

Kama Franconia umeshaimaliza, kuna Katahdin, jimbo la Maine, mita 1,606, na ule ukingo wake mwembamba uitwao Knife Edge, karibu kilomita 2 za kupanda kwa mikono na miguu. Ukiwa na upepo au mawe yaliyolowa, usiuguse. Upande wa pili wa nchi, jimbo la Washington, kuna Enchantments. Huko kinachogeuka dhahabu ni lachi, jamii ya misonobari inayopukutisha sindano zake, na iko juu kabisa kando ya maziwa. Hapo ile hoja yangu ya bonde inageuka, rangi unaikuta huko huko juu. Lakini kuivuka yote kwa siku moja ni kilomita 29 hivi. Anza na Franconia kwanza, na niambie unapanga tarehe gani.