Gari haiwaki asubuhi? Usikimbilie kununua betri, pima kwanza

Mi nilishawahi kununua betri mpya kwa ajili ya gari ambayo betri yake ya zamani haikuwa na kosa lolote. Naanza na hilo ili ujue anayekuandikia hapa si fundi, ni mtu aliyeunguza hela zake mwenyewe ndo akatia akili.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nageuza ufunguo, gari inafanya tk-tk-tk-tk, taa za dashibodi zinafifia, haiwaki. Jirani akaja na waya zake akanibusti, ikawaka, nikaenda zangu kazini. Kesho yake hivyohivyo. Nikajisemea hii betri ishakula miaka mitatu, imechoka, nikaenda moja kwa moja kununua nyingine, nikafunga, ikawaka kwa robo sekunde na mimi nikajiona fundi kabisa. Siku ya tano asubuhi, tk-tk-tk-tk.

Nikarudi kwa muuzaji nimevimba, maneno nimeshayapanga njiani. Yule mzee wala hakubishana, akachukua mita yake, akagusisha waya nyekundu huku na nyeusi kule, akaniangalia akasema, "Kijana, betri ni nzima, ila ina njaa. Hailishwi. Nenda kaangalie mambo ya alteneta."

Hailishwi. Hilo neno ndo somo zima na nilipaswa kulijua kabla sijatoa hela. Betri kazi yake kubwa ni sekunde zile chache za kuzungusha stata (ile mota inayoamsha injini), hapo inatoa ampea mia na zaidi kwa mkupuo. Injini ikishawaka, taa, redio, feni, kompyuta ya gari, pampu ya mafuta, vyote vinabebwa na alteneta, yaani ile jenereta ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini, na hapohapo inairudishia betri kile ilichotoa. Sasa betri ikifa gari haiwaki asubuhi, na alteneta ikifa betri inaishiwa na gari vilevile haiwaki asubuhi. Dalili ni ileile moja, ndo maana kila mtu anakimbilia betri maana ndo inayoonekana ukifungua boneti, na ndo rahisi kubadilisha, spana namba 10 tu umemaliza.

Kwa hiyo nunua mita. Ile ndogo ya kidijitali, ya bei ya chini kabisa inatosha. Zungusha kitufe mpaka kwenye volti za DC, namba 20, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, na ncha ziguse risasi yenyewe ya betri, yaani kile kiguu kinachochomoza juu, usigusishe kwenye kile kibanio cha waya. Nitakwambia kwa nini mbele.

Unapima mara tatu. Ya kwanza gari ikiwa imelala usiku mzima bila kuguswa. Ukikuta 12.6 au juu kidogo ya hapo, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo hivi, na chini ya hapo ujue imekauka. Hapa ndo watu wengi wanajidanganya, anaona 12.0 anasema si betri ya volti 12 hii, iko sawa! Haiko sawa. Ndani ya betri kuna vyumba 6, kila kimoja kikijaa kinatoa volti 2.1, piga hesabu mwenyewe utapata 12.6. Kingine, usipime ukiwa umezima gari sasa hivi, itakuonesha 12.9 au hata 13 na hiyo ni chaji ya juujuu tu. Kama huna muda wa kungoja, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndo upime.

Kujaa peke yake hakumaanishi betri ina nguvu, betri mzee anaweza kukuonesha 12.6 safi kabisa halafu ukimpa mzigo anaanguka. Kwa hiyo kipimo cha pili, mita ikiwa bado imeshikiliwa pale, mwambie mtu apige stata we uangalie namba. Itashuka, lazima ishuke, ila isiende chini ya 10 hivi, kwenye baridi kali inaweza kushuka zaidi kidogo. Kama ilikuwa imejaa halafu ikadondoka mpaka 8 au 7, hiyo betri ya kuaga. Na kama namba imekaa palepale 12 na kitu haitikisiki, na stata imelia tk moja tu ikanyamaza, hapo kosa si la betri wala alteneta, fuatilia stata na waya zake.

Cha tatu ndo cha alteneta. Gari inawaka, imetulia, mita inatakiwa isome kama 13.8 mpaka 14.5. Ukikuta 12.4 na kila ukiangalia inazidi kushuka, 12.3, 12.2, alteneta haichaji, au inachaji ila umeme haufiki (shika hilo). Ukikuta nzuri usiridhike haraka, washa taa kubwa, feni ya ndani weka mwisho, kiyoyozi, na kile kipashio cha kioo cha nyuma, kanyaga mafuta kidogo ifike mzunguko wa 2000 hivi. Kama bado iko juu ya 13 na nusu basi alteneta inajitahidi. Ikizidi 15 na ikakaa hukohuko, regyuleta (kile kidhibiti cha volti za alteneta) imekufa, inaipikia betri chaji mpaka maji yanachemka, utasikia harufu ya yai viza ukifungua boneti na betri inaanza kuvimba tumbo. Hiyo usiendelee kuendesha ukisema utaangalia wikiendi.

Ila magari ya miaka ya karibuni mengi alteneta inaamrishwa na kompyuta, betri ikijaa inapunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo unaweza kukuta 12.8 na hakuna ubaya wowote. Ukikutana na hiyo washa taa na kipashio cha kioo usubiri kidogo, utaona inapanda yenyewe.

Haya, turudi kwenye gari yangu. Nikapima inawaka, mita ikasoma 12.5. Fundi wa kwanza akasema alteneta imekufa, tubadilishe, na mimi kwa kuwa nilikuwa nimejaa elimu mpya nikakubali, tena nikaanza kutafuta ya kununua. Kilichoniokoa ni fundi umeme mwingine, mtu mzima, mpole, niliyempelekea tu ili anifungie. Kabla hajashika spana akashuka na mita mpaka nyuma ya alteneta, kwenye ile boliti kubwa inayotoa waya nene, akapima pale. 14.6. Akapima kwenye betri. 12.5. Akanionesha zote mbili bila kusema kitu, akawa ananisubiri mimi nifikirie.

Yaani volti 2 zilikuwa zinapotea njiani! Akafuata ile waya nene kwa vidole, alipofika karibu na betri akasimama, akasema gusa hapa. Pamoto. Akavuta ile mpira inayofunika kichwa cha waya, chini yake kulikuwa na unga wa kijani kibichi kama ukungu wa mkate, na zile nyuzi za kopa, sijui ziko ngapi, zilizobaki zimeshika zilikuwa za kuhesabu, zingine zote zimekatika zimekuwa nyeusi. Alikata kipande, akabana kichwa kipya, akasugua na msasa, tukawasha. 14.4 kwenye betri. Alteneta ileile, na betri yangu ya zamani niliyoitupa nadhani ingedunda mpaka leo.

Hiki kipimo unaweza kufanya mwenyewe na sijui kwa nini hakisemwi sana. Gari ikiwa inawaka na taa zimewashwa, ncha moja ya mita iweke kwenye ile boliti ya alteneta, nyingine kwenye kiguu cha chanya cha betri. Mita inakuonesha zile volti zinazopotea katikati. Zikizidi 0.3 kuna tatizo kwenye waya, yangu ilikuwa inaonesha 2.1. Halafu rudia upande wa hasi, bodi ya alteneta na kiguu cha hasi, isizidi 0.2, maana athi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi kupitia bodi, nayo inasumbua watu kimyakimya. Uangalie tu nguo na waya za mita zisiguse feni wala mkanda. Na ndo sababu nilisema uguse kiguu chenyewe, kibanio kikiwa kimelegea au kina unga mweupe, ukipima kwenye kibanio unapata hadithi nyingine na kwenye kiguu nyingine. Kishike ukizungushe kwa mkono, kikizunguka tu umeshampata mwizi wako wa kwanza.

Kuhusu ile taa nyekundu ya picha ya betri kwenye dashibodi, haimaanishi betri mbovu. Inamaanisha mfumo wa chaji una shida, basi. Ikiwaka ukiwa barabarani zima redio, kiyoyozi, kila usichohitaji, sasa hivi unatembelea akiba ya betri na akiba hiyo haina muda mrefu. Angalia na mkanda, ukikatika taa hiyohiyo ndo inawaka, na kwenye magari mengine mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji kwa hiyo injini itachemka pia. Na ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, ile taa lazima iwake. Isipowaka kabisa usifurahi, kwenye magari mengi ya zamani alteneta inaamshwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyo, balbu ikiungua alteneta inaweza isianze kuchaji.

Kitu ambacho nakukataza, na nakukataza nikiwa serious, ni ile ya kuchomoa kibanio cha betri gari ikiwa inawaka eti uone kama itazima. Wazee walikuwa wanafanya hivyo na magari yao yasiyo na kompyuta. Betri kwenye gari ni kama godoro, inameza mirukoruko ya umeme wa alteneta, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu kwa nukta moja na kinachoungua hapo ni kompyuta ya gari. Kama huna mita kabisa tumia busti kupata picha. Gari ikibustiwa ikawaka, ukatoa waya za busti ikazima hapohapo au ikafa baada ya mwendo mfupi, mtuhumiwa ni chaji. Ikibustiwa ikatembea siku nzima, unazima unawasha inaitika, ila ikilala usiku asubuhi haiwaki, mtuhumiwa ni betri.

Au kuna kitu kinakunywa usiku, na hii imenikuta kwenye gari nyingine kabisa. Betri nzima, chaji 14.3, waya safi, lakini ikikaa Jumamosi na Jumapili bila kutumika, Jumatatu haiwaki. Gari ikizimwa na kufungwa, baada ya nusu saa hivi kompyuta zake zinalala na umeme unaobaki kutoka hautakiwi kuzidi ampea 0.05. Unapima kwa kuchomoa kibanio cha hasi na kupitisha umeme kwenye mita upande wa ampea 10 (usije ukapiga stata mita ikiwa hapo, utaichoma). Yangu ilikuwa inasoma 0.43. Fanya hesabu, kwa siku ni kama ampea-saa 10, na betri yenyewe ni ya 45.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku naangalia mita. Ya redio, wapi. Ya king'ora, wapi. Ya taa za ndani, namba ikadondoka mpaka 0.02. Nikaangalia ndani, taa zote zimezima. Nikazunguka gari mara mbili. Mwishoni nikawasha video kwenye simu, nikaiweka ndani ya buti nikafunga, nikahesabu mpaka ishirini nikafungua, nikaangalia. Buti imefungwa, na ile taa yake ndogo inawaka kweupe inamulika tairi la spea.